Mkojo wa Nyungunyungu na Mashamba ya Singe

Mkulima wa Singe aendaye sokoni Babati kununua mfuko wa yurea, akaufunga nyuma ya bodaboda na kurejea nao shambani, aghalabu hana habari kwamba kitu kile kile alichokilipia fedha hutengenezwa bila malipo chini ya nyayo zake, na kiumbe asiye macho wala miguu, asiyekumbukwa na mtu ila mvuvi wa Ziwa Babati atafutaye chambo. Simshauri aache mbolea ya dukani, maana mahindi yana ulafi ambao nyungunyungu peke yake hawezi kuukidhi. Ninalodai ni kwamba desturi ya kuteketeza mabua baada ya mavuno inamdhulumu mtumishi huyu katika haja asiyoweza kuiahirisha, nayo ni haja ya kukojoa.

Wengi hudhani kwamba vile vifundo vya udongo aviachavyo juu ya ardhi ndivyo taka ya mwili wake. Hivyo ni udongo tu uliopita utumboni, wenye faida yake, na Charles Darwin aliuandikia kitabu kizima mwaka 1881. Taka ya mwili hasa ni ile izaliwayo ndani ya nyama, protini zinapovunjwa zikabakisha naitrojeni yenye sumu. Kuiondoa, nyungunyungu hana figo mbili kama sisi: karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi ya vifereji viitwavyo nefridia. Kila kifereji huanza kwa faneli ndogo yenye vinyweleo visivyotulia, iliyokaa katika pingili iliyo mbele yake. Hupenya ukuta wa pingili, hujipinda na kujirudia katikati ya mishipa ya damu, hurudisha mwilini chumvi zenye kufaa, kisha hufunguka kwa kitundu katika ngozi. Kinachotoka ni maji mengi yenye amonia na yurea. Aliyeshiba hutoa amonia zaidi, na mwenye njaa huzidisha yurea. Mkojo wa siku moja huweza kukaribia asilimia 60 ya uzito wake, israfu ambayo binadamu asingeimudu.

Wadudu wamejaliwa tabia nyingine. Marcello Malpighi, tabibu wa Kiitalia, alipompasua kiwavi wa hariri na kuchapisha habari zake mwaka 1669, aliona mirija myembamba iliyoshikamana na utumbo, akaieleza pasipo kujua kazi yake. Leo mirija ile ina jina lake, nasi twajua kwamba ndiyo ichujayo taka na kuimimina utumboni, ambako maji hufyonzwa yakarudi mwilini, na taka ikatoka karibu kavu, katika sura ya asidi ya yuriki. Ndiyo maana panzi hulistahimili jua la Septemba. Mchwa ana ubahili uliopita huo: asidi ile huiweka akiba katika mafuta ya mwili, na vijidudu vya tumboni mwake huivunja ili naitrojeni itumike upya, hekima kubwa kwa mlaji wa miti mikavu. Hata mbung'o wa Tarangire, adui wa kila msafiri, ana mirija hiyo, ila huitumia kinyume: akishajaza damu inayolingana na uzito wake au kuuzidi, huruka kwa taabu, basi hutua kwenye shina, na kwa muda wa nusu saa hivi matone maangavu humdondoka nchani mwa tumbo, maji na chumvi zikimwagwa, chakula kikibaki.

Nyungunyungu hana ubahili huo. Maji ayapotezayo hana budi kuyapata tena katika udongo wenye unyevu, na ngozi anayopumulia haifanyi kazi ikikauka. Ardhi ikikauka hushuka chini, akajikunja fundo na kulala. Asiyewahi hufa, na amonia yake, ambayo bakteria wangeigeuza naitreti kwa ajili ya mizizi, hukoma pamoja naye.

Katika hili Babati ina bahati, kwa kuwa mahindi hupandwa pamoja na mbaazi. Mahindi yakivunwa, mbaazi husimama kiangazini ikitandaza majani yake juu ya udongo. Na mwaka 2017, India ilipouwekea mipaka uingizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka, thamani ya majani hayo haikupungua hata senti. Wapo wasemao kwamba moto huua funza wa mabua, hoja isiyostahili kupuuzwa. Lakini mabua yakilazwa juani kwa majuma kadhaa, funza wengi hufa kwa joto, na mabua yakabaki. Wapo pia wafugaji ambao mabua ni malisho ya ng'ombe wao, nami sina ugomvi nao, maana ng'ombe hulipa kwa samadi, ilhali moto huirusha naitrojeni hewani pamoja na moshi na kuiacha ardhi uchi hadi mvua za Novemba.

Ningeomba basi maofisa ugani, mvua zikishakolea, wachimbe shimo la kina cha jembe katika shamba lililochomwa na jingine katika shamba lililoachiwa mabua, wahesabu nyungunyungu mbele ya mkutano wa mtaa, na wenye mashamba wakate shauri wenyewe kabla ya mavuno yajayo.