Mtaa wa Haight Si Duka la Fulana

Sisi tunaosoma Berkeley tuna ugonjwa mmoja. Ndugu wakija kututembelea kutoka Bujumbura, Jumamosi ya kwanza tunawavusha kwa treni hadi San Francisco, tunawapandisha basi namba 7, tunawashusha Haight. Wanapigwa picha chini ya kibao cha njia panda ya Haight na Ashbury, wananunua fulana za rangi rangi, kisha tunawaambia: "Hapa ndipo mahipi walipokuwa wakivuta bangi." Tunarudi nyumbani. Huko si kumtembeza mgeni, ni kumpotezea nauli.

Sisemi bangi haikuwepo. Ilikuwepo, na vitu vikali kuliko bangi vilikuwepo, na viliwamaliza watu. Kiangazi cha 1967 vijana wanaokadiriwa kufikia 100,000 walimiminika kwenye mtaa huu mdogo, wengi hawana pa kulala, wengine wagonjwa. Ninachouliza ni hiki: walikula nini? Nani aliwatibu? Mjomba wangu, ambaye ni fundi magari, aliuliza swali hilo kabla hata hatujafika kwenye kibao, na nadhani ndilo swali pekee la maana nililowahi kusikia mgeni akiuliza pale.

Jibu liko umbali wa dakika chache kwa miguu. Nyuma ya maduka kuna bustani nyembamba inayoitwa Panhandle, kwa kuwa kwenye ramani inafanana na mpini wa kikaango. Hapo, tangu 1966, kikundi cha Diggers kiligawa chakula bure kwa yeyote aliyekuja na bakuli. Walifungua na duka ambalo kila kitu ndani yake kilikuwa bure. Shangazi naye akauliza: "Na aliyekuwa akipika ni nani?" Wengi wa wapishi walikuwa wasichana, ambao majina yao hayamo kwenye fulana yoyote. Kwenye fulana wamo wanamuziki.

Upande wa tiba, Juni 7, 1967 daktari kijana, David Smith, alifungua zahanati ya bure katika nyumba moja ya Mtaa wa Clayton, akishikilia kwamba matibabu ni haki ya kila mtu. Tena hiyo bustani ya Panhandle isingekuwepo kama si wakaazi wa mtaa, kabla ya mahipi kuvuma, kupinga barabara kuu iliyopangwa kupita juu yake. Mwaka 1964 madiwani waliikataa kwa kura 6 dhidi ya 5. Kura moja tu!

Wenzangu hunijibu kwamba wageni wamechoka na safari, hawataki darasa. Ni uvivu wetu tunawasingizia wao. Wanaotoka Buyenzi, kama ukoo wetu, wanajua vizuri mtaa kusimuliwa na wapita njia. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, wa misikiti na magereji, lakini muulize Mrundi asiyekaa huko: kwa wengi neno "Mswahili" lina maana ya mjanja, mtu wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Tunachukia tukisikia hivyo. Kisha tunapanda basi namba 7 tukawafanyie wengine vilevile.

Hao vijana wenyewe walichoshwa na sifa walizopewa. Oktoba 6, 1967 walibeba jeneza mtaani wakafanya mazishi ya kuigiza ya "hipi", kiumbe waliyeona ametengenezwa na magazeti. Maduka ya leo yanamuuza marehemu huyo huyo.

Lakini kinachonichoma zaidi ni sheria. Novemba 2010 wapiga kura wa San Francisco walipitisha katazo la kukaa au kulala kwenye njia za waenda kwa miguu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku. Malalamiko yaliyoizaa yalivuma zaidi Haight kwenyewe, dhidi ya vijana wasio na makazi. Kwa hiyo mtaa unauza picha za vijana wa 1967 waliokaa chini kando ya barabara, na nje ya duka hilo hilo kijana wa leo akikaa chini anaonywa na polisi, asipoinuka anatozwa faini.

Niliwaeleza hayo mjomba na shangazi tukiwa tumesimama, maana hapakuwa na benchi. Shangazi, ambaye kila alasiri kwao hutandika mkeka barazani na majirani hujaa, hakuamini. "Sasa watu wa hapa wanaongelea wapi?" Nikawapeleka Panhandle, tukakaa kwenye majani, tukala chapati alizokuwa amezifunga kwenye mkoba. Kijana mmoja mwenye mbwa alipita akituangalia. Shangazi akamwita kwa Kiswahili, akamkatia nusu.