Bajeti ya kompyuta isisubiri mwaka 2038

Mkopo wa miaka 15 uliochukuliwa mwaka 2024 kwa ajili ya shamba la mikorosho utamalizika mwaka 2039. Mikorosho itakuwa bado inazaa. Swali ni kama kompyuta inayotunza hesabu za mkopo huo itaitambua tarehe hiyo.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Zinazotumia biti 32 kwa hesabu hiyo haziwezi kupita sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kompyuta ya aina hiyo itasoma Desemba 1901. Lakini ofisi ya mikopo haihitaji kusubiri hadi siku hiyo kupata hasara. Kosa linaweza kujitokeza siku ile inapoandika tarehe ya rejesho la mwisho.

Wapo waliojiandaa mapema. OpenBSD, mfumo endeshi unaosifika kwa usalama ambao mradi wake ulianzishwa na Theo de Raadt nchini Kanada mwaka 1995, ulihamia biti 64 katika toleo la 5.5 la Mei 2014, zaidi ya miaka 23 kabla ya kikomo. Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama: programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo la 5.4 hazikufanya kazi katika toleo jipya, hivyo ilibidi zibadilishwe zote.

Mfumo huo hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na ni matoleo mawili ya karibuni tu yanayopewa marekebisho ya usalama. Hivyo, mtumiaji ana takriban mwaka mmoja wa kupanga kuhama. Toleo la mwishoni mwa mwaka hutoka wakati minada ya korosho nchini Tanzania imepamba moto. Mwenye kalenda ataacha msimu upite, kisha atahama akiwa bado ndani ya muda. Asiye na kalenda huruka matoleo, kumbe taratibu za mradi humtaka apande toleo moja baada ya jingine. Deni la kazi hulimbikizwa kama riba.

Kosa la ofisi nyingi ni kudhani kwamba mfumo endeshi wa bure hauna gharama. Vyama vya ushirika na wanunuzi wa mazao watenge kila mwaka fedha za siku za fundi, nakala za akiba za kumbukumbu na kompyuta moja ya majaribio. Katika kompyuta hiyo, mhasibu aandike rejesho la mwaka 2039 na kuona majibu. Wanaouza programu za mikopo nao waulizwe jambo hilo kabla mkataba haujasainiwa.

Mkulima makini hanunui mbegu mvua ikiwa imeshaanza kunyesha. Ofisi inayomkopesha haina sababu ya kufanya hivyo.