Ghururi ya Kioo King'aacho

Katika itikadi zote zilizoota mizizi miongoni mwa vijana wetu wanaoishi kwa kazi ya kusanifu kadi, mabango na nembo, hapana iliyo na wafuasi wengi, wala iliyokula mitaji mingi, kuliko ile isemayo kwamba kioo cha kompyuta kilicho bora ni kile kilichozidi vingine kwa ukubwa, kikavizidi kwa mng'ao, na ambacho rangi zake humvuta mpita njia kutoka ng'ambo ya barabara. Husikika Kariakoo vinywani mwa wauzaji, ambao wana udhuru wa kuisema kwa kuwa ndiyo riziki yao. Husikika Mwanjelwa, Mbeya. Na imefika hata hapa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, ambapo mtu angetaraji kwamba watu waliozoea kuuza mpunga kwa mizani wangetaka kuiona mizani kabla ya kuukubali uzito wa maneno. Nakusudia kuipinga bila ya staha nyingi, maana naiona kuwa itikadi batili, na dhuluma yake huwaangukia wale wasio na akiba ya kufidia hasara.

Kwanza nieleze kazi yenyewe ilivyo hapa. Rujewa imo katika bonde la Usangu, kando kidogo ya barabara kuu iendayo Zambia, na uchumi wake ni mpunga. Mavuno yakiingia, fedha hutembea. Fedha ikitembea, harusi hufuata. Harusi ikikaribia, kamati huundwa. Na kamati ikishaundwa, shughuli yake ya awali ni kadi za mchango. Basi katika zile fremu ndogo za steshenari, kijana mwenye kompyuta moja na printa moja hutengeneza kadi za mchango na za mwaliko, mabango ya mahafali, fulana za kampeni uchaguzi ukikaribia, na kwa wenye mashine za kukoboa, michoro ya mifuko ya mchele. Lakini kazi kubwa hazichapwi hapa. Huchorwa hapa, zikatumwa kwa simu au kwa flashi hadi Mbeya mjini, mwendo wa zaidi ya kilometa 100, au hadi Dar es Salaam, zikachapwa huko na kurudi kwa basi. Msanifu wa Rujewa, tofauti na mwenzake mwenye kiwanda cha chapa katika chumba cha pili, haioni karatasi mpaka siku ambayo hapana tena la kufanya, na kwa sababu hiyo kioo chake ndicho peke yake kinachoweza kumwambia mapema kitakachotokea. Kikisema uongo, hana wa kumuuliza.

Tazama sasa jinsi uongo huo unavyotendeka. Mama wa makamo, mwenyekiti wa kamati, amesimama nyuma ya kiti cha kijana. Kidole chake kimenyooshwa hata kimegusa kioo na kuacha alama ya mafuta. "Hii hapa, mwanangu, hii hii. Buluu hii ndiyo sare yetu." Buluu aliyoigusa inawaka kama moto wa gesi, na wajumbe wote wanatikisa vichwa kwa ridhaa. Siku kifurushi kinapofunguliwa, kadi zote zimeelekea zambarau, iliyofifia. Mama anazigeuzageuza mkononi. "Mbona zambarau, mwanangu?" Kijana naye, bila kutahayari, anajibu: "Ni mashine za mjini, mama. Wino wao mbovu." Na mchapaji wa mjini, ambaye hakutenda kosa lolote, anapata sifa mbaya katika kamati nzima, na kutoka kamati hiyo katika kamati nyingine.

Hakika ya mambo ni hii. Kioo hutengeneza rangi kwa kutoa nuru yake chenyewe, nyekundu, kijani na buluu, ilhali karatasi haina nuru. Hurudisha tu kile kilichosalia cha mwanga wa chumba baada ya wino kumeza sehemu yake. Mchapaji ana wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Buluu hana, hapana budi aipate kwa kuilaza majenta juu ya samawati, na kwa kuwa hapana wino ulio safi kabisa, buluu kali ya kioo ikihamia kwenye karatasi huinamia zambarau. Kijani ya mpunga mchanga, ambayo kila mwenye kiwanda cha kukoboa huitaka kwenye mfuko wake, hupatwa na msiba wa jinsi hiyo hiyo: kiooni inacheka, mfukoni imenuna. Yote haya hutokea hata kwa kioo cha wastani. Kioo kilichosifiwa kwa ukali wa rangi huipanua zaidi ile nafasi iliyo baina ya kinachoonwa na kinachochapika, na mnunuzi huilipia nafasi hiyo fedha za ziada.

Kisha kuna mng'ao, na hapa hesabu ni nyepesi mno hata nashangaa kwamba haifundishwi. Karatasi nyeupe iliyolazwa mezani chini ya mwanga wa laksi 500, ambao ni mwanga wa kadiri wa ofisi nzuri, hurudisha machoni nuru ya takriban kandela 130 kwa kila meta moja ya mraba. Ndiyo sababu mafundi wengi wa uchapaji duniani huviweka vioo vyao baina ya kandela 80 na 120. Monita itokapo kiwandani aghalabu huwa katika 250 au 300, na zile zinazotangazwa kwa wacheza michezo hupita hapo. Kijana anayeinyoosha picha ya bibi harusi mbele ya weupe uliozidi maradufu ule wa karatasi huipunguza nuru mpaka jicho lake liridhike. Picha ikichapwa, uso wa bibi harusi hutoka na giza, shela imekuwa ya majivu, na lawama, kama desturi, hupelekwa mjini. Tiba yake haina gharama hata senti moja: kuna kitufe chini ya kioo, na mng'ao hupunguzwa hadi ukurasa mtupu ufanane na karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake. Nimewaona watu walioimiliki monita miaka mizima pasipo kukigusa kitufe hicho, na wangeona kukigusa ni kuishusha hadhi mali yao.

Ukubwa nao una hadaa yake. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta kama 92 katika kila inchi. Ukiipanua hadi inchi 27 bila kuongeza nukta, zinabaki 82 tu. Mwenye kununua kubwa amenunua picha ile ile iliyovutwa, na ncha za herufi zimekuwa nene zaidi. Ataniambia kwamba basi atanunua ile ya 4K, yenye nukta nyingi zaidi. Vema, lakini kompyuta nyingi za mtumba zilizomo katika fremu zetu hutoa picha kwa HDMI ya toleo la 1.4, ambayo kwa nukta za 4K haiwezi kupeleka zaidi ya picha 30 kwa sekunde, na mshale wa kipanya hukokota miguu mezani kutwa nzima. Kuhusu vioo vilivyopindwa, na vile vya picha 144 kwa sekunde, sitapoteza wino: kadi ya harusi haikimbii, na mwenye kuchora mstari ulionyooka hana haja ya kioo kilichopinda.

Wale wasiokubali kwamba kioo kidogo chaweza kuzaa kazi kubwa na wamtazame David Hockney, mchoraji wa Uingereza. Mwaka 2011, naye amekwisha pita umri wa miaka 70, alichora kwa kidole na kalamu ya mpira juu ya iPad misururu ya picha za majira ya kuchipua kwa majani huko Yorkshire, na mwaka 2012 picha hizo, zikiwa zimechapwa kwa vipimo vikubwa, zilijaza ukuta katika maonyesho ya Royal Academy mjini London. iPad ya zama hizo ilikuwa na kioo cha inchi 9.7, nukta 1024 kwa 768. Monita nyingi zinazotupwa na ofisi za serikali zina nukta nyingi kuliko hizo.

Na tusidhani kwamba hekima hii ya kufanya makubwa kwa zana haba yatoka ng'ambo tu. Waliosanifu kanga katika pwani yetu, tangu zama ambazo duka la Kaderdina Hajee Essak lilifunguliwa Mombasa mwaka 1887, ambalo chapa yake ya Mali ya Abdulla ingali ikisomeka pembeni mwa nguo mpaka leo, hawakuwa na anasa ya rangi milioni kumi na sita za kioo. Walikuwa na rangi chache, mara nyingi mbili tatu, na kila moja ilichapwa kwa zamu yake. Na kwa kuwa chache, zilijulikana jinsi zinavyokaa juu ya pamba. Rangi ilichaguliwa kwa kile kitakachokuwa nguoni.

Msanifu wa Rujewa anaweza kuipata elimu hiyo kwa gharama ya karatasi moja. Na amwombe mchapaji wake wa mjini amchapie ukurasa wa miraba, kila mraba na hesabu ya wino wake chini yake: samawati kiasi kadhaa, majenta kiasi kadhaa. Ukurasa huo ukishabandikwa ukutani, mama mwenyekiti ataombwa kugusa mraba wa karatasi, kioo kikaachwa kwa kazi ya kupanga maneno na picha. Na akiisha kuugusa, msanifu huandika hesabu ile ile katika programu, iwe CorelDRAW au Illustrator, hata kama rangi yake kiooni inaonekana imepoa. Mtu aliyeshika hesabu hawezi kuhadaiwa na nuru.

Anunue nini basi, maadamu lazima anunue? Na anunue monita ya ofisi iliyotumika, ya inchi 22 hadi 24, yenye kioo cha aina ya IPS, teknolojia ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliiingiza sokoni katikati ya miaka ya 1990, na ambayo fadhila yake kuu ni kwamba rangi hazigeuki mtu akisogea pembeni. Ithibati hupatikana dukani pale pale: omba iwashwe, fungua picha ya uso wa mtu, kisha chutama utazame kutoka chini. Ikiwa ni ile aina duni iitwayo TN, uso utaingia giza na rangi zitapinduka; ikiwa ni IPS, mtu atabaki mtu. Muuzaji akiudhika kwa kukuona umechutama dukani kwake, hilo ni shauri lake. Kisha uulize kama ina mpangilio wa sRGB, kipimo cha rangi kilichopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996 na kuidhinishwa kimataifa mwaka 1999, ambacho ndicho simu nyingi na printa ndogo hukitegemea. Fedha iliyobaki itumike kuipaka fremu rangi nyeupe isiyong'aa mahali pa ile kijani kali ya duka, ambayo hulilevya jicho, na kuigeuza meza ili mlango uwe ubavuni, kwa maana jua la Usangu likiingia moja kwa moja kiooni hapana fundi wala kipimo kitakachofua dafu.

Insafu yanilazimu nikiri kwamba wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito. Samawati safi ya wino wa chapa bora haimo ndani ya sRGB. Ndiyo maana mwaka 1998 kampuni ya Adobe ilitangaza kipimo kipana zaidi, na anayeandaa vitabu vya picha au chapa za sanaa kwa mashine kubwa ananufaika kwa monita iwezayo kukionyesha, pamoja na kile chombo kidogo kinachowekwa juu ya kioo ili kukipima na kukirekebisha. Lakini mtu huyo anajua kwa nini anainunua, na hainunui kwa sababu ilimwaka machoni dukani. Kwa asiye na chombo cha kupimia, upana huo ni madhara: programu zisizojua kuutawala humwaga rangi zote nje ya mipaka, na nyekundu ya kawaida ikawa nyekundu ya pilipili.

Wachoraji wa dijitali, ambao kazi zao hazichapwi kabisa na huishia katika simu za watu, hudai kwamba maneno haya hayawahusu. Yanawahusu maradufu. Mtazamaji wao ana simu ya bei nafuu, yenye kioo kilichokwaruzika, aliyoipunguza mng'ao ili betri ifike jioni; mchoro uliopendeza tu kwa sababu ya kioo cha kifahari utamfikia yeye ukiwa tope. Mchoraji mwenye busara huijaribu kazi yake katika simu dhaifu kuliko zote zilizomo nyumbani kabla ya kuituma.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo husemwa kwa sauti ya chini kwa kuwa ndiyo ya kweli: kwamba wateja hupenda kuona kioo kikubwa kinachowaka, na duka lisilo nacho huonekana la kimaskini. Sikatai. Lakini hiyo ni shughuli ya matangazo, nayo ina chombo chake. Mwenye kuitaka na anunue televisheni, aitundike mlangoni iangaze mpaka kituo cha bodaboda, iwaonyeshe wapita njia kadi za harusi zilizopita. Na akisha kuingia ndani, aketi mbele ya monita yake ya ofisi, mng'ao umeshushwa na ukurasa wa miraba ukutani, na amwombe mama mwenyekiti asikiguse kioo.