Jina Liwe Letu, Mtambo Uwe kwa Mwenye Kuutunza

Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na aliyeitegemea peke yake, awe dalali wa soko la Nakuru au mkulima wa viazi wa Molo, hakuwa na pa kupitishia neno. Balaa la namna hiyo haliwezi kuupata kwa mkupuo mmoja mfumo wa XMPP, ulioasisiwa mwaka 1999 kwa jina la Jabber, ambamo seva nyingi za wenyewe mbalimbali hupokezana ujumbe kama posta za nchi mbalimbali zipokezanavyo barua. Basi ushirika wa wakulima ukitaka kuingia humo, je, usimike seva yake au ujisajili kwa mtoa huduma?

Wapendao seva ya nyumbani wana hoja nzito, kwani hata ujumbe ukifungwa kwa fumbo, seva hujua nani kazungumza na nani, na saa ngapi, na ujuzi huo ni amana. Lakini amana hutaka mlinzi. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, ijapokuwa mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme hufukuta katika kaunti hii hii ya Nakuru. Na seva iliyowekwa chini ya meza ya katibu huhitaji betri, nakala za akiba, cheti cha usalama kisichopitwa na muda, na mtu wa kuiamkia usiku. Fauka ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa mwenye kuhifadhi taarifa saa 72 tu za kumwarifu Kamishna wa Data tangu ajue kuwa zimevuja kwa namna iwezayo kuwadhuru wenye taarifa hizo.

Mtoa huduma naye aweza kugeuka: Google Talk, iliyofungulia seva nyingine mlango mwaka 2006, ilianza kuufunga mwaka 2013, na wenye anwani za Gmail hawakuweza kuhama nazo.

Kwa hiyo naona la msingi ni anwani. Ushirika ununue jina lake la mtandaoni la .ke, litumike katika anwani za wanachama, kisha umkabidhi mtambo mtoa huduma aliye tayari kuwarejeshea wanachama orodha na kumbukumbu zao wakitaka kuhama. Akiharibu, jina lielekezwe kwingine, na anwani ya kila mwanachama ibaki ile ile. Sharti jina hilo lisajiliwe na kulipiwa kila mwaka kwa jina la ushirika wenyewe, wala si la kijana aliyetumwa kulisajili, maana huyo akiondoka nalo, uhuru wote umekwenda naye.