Siri ya Nyumba kwa Msiyemjua

Baada ya Swala ya Alasiri hapa Utete, mzee mmoja alinionesha simu ya bintiye. "Katibu, ameweka VPN ya bure. Anasema sasa hakuna amwonaye."

Yupo, mzee wangu. VPN huificha safari yako ya mtandaoni isionwe na kampuni ya simu, ila safari hiyo yote hupitia kwa mwenye VPN. Siri haikutoweka, imehamia mikono mingine.

Mwaka 2013 Facebook ilinunua Onavo, VPN ya bure iliyonadiwa kuwa mlinzi wa siri. Kumbe ilikusanya habari za programu walizofungua watu na muda waliokaa humo, kwa faida ya biashara ya Facebook. Ilifungwa 2019. Julai 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni tanzu mbili dola milioni 20 za nchi hiyo, kwa kutowaeleza watumiaji wazi.

Sisi tulioamrishwa kuandikiana hata deni tunamwekesha amana tusiyemjua jina! (Nami niliwahi kuwa nayo, sikuuliza.)

Binti alitafuta mwenye programu ile ni nani, na yuko nchi gani. Hadi adhana ya Magharibi hakuwa amempata.