Kompyuta Zetu Nazo Zijitegemee

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi ilioutoa mwaka 2015. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Hivyo mwalimu wa Kasulu au karani wa Kibondo, mwenye kompyuta inayowaka na kuandika vizuri, anaarifiwa kutoka ng'ambo kwamba chombo chake kimepitwa na wakati.

Wananchi wa wilaya hizi wanaujua utegemezi wa namna hiyo. Kwa miaka mingi umeme wao ulitoka katika majenereta ya dizeli. Mafuta yakikosekana, giza liliingia. Mwaka 2022 gridi ya Taifa iliwafikia. Itakuwa ajabu kupata umeme wetu wenyewe, kisha kompyuta zinazoutumia zibaki zikingojea hisani ya kampuni moja.

Njia ya kujitegemea ipo. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ni programu huria: maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana haki ya kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. Ubuntu, mmojawapo wa mifumo iliyojengwa juu yake, ulitolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo limetoka kusini mwa bara letu, lakini msemaji wa Kirundi, lugha iliyo ndugu wa Kiha, hahitaji mkalimani: kwake ubuntu ni ukarimu, na ku buntu ni bure. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Programu ya asili ilikuwa huria, ndiyo maana wataalamu wetu waliweza kuifasiri bila kumpigia mtu magoti.

Wapo watakaouliza: kazi za Serikali zitafanyikaje? PEPMIS hufunguliwa kwa kivinjari, na Firefox hufanya kazi vizuri katika Linux. Barua, mitihani na majedwali huandikwa kwa LibreOffice. Ni kweli kwamba baadhi ya printa na programu maalumu zitasumbua. Kompyuta za kazi hizo zibaki kama zilivyo. Wengine watasema Windows ya bure wanayo tayari, yaani nakala isiyo na leseni. Nakala hiyo huvunja sheria, na mara nyingi huja na virusi ambavyo flashi moja huvieneza shule hadi shule.

Gharama halisi ni mafunzo, na hapo ndipo penye wajibu wetu. Chuo cha Ualimu Kasulu kinafaa kuwafundisha walimu wanafunzi kuweka Linux na kuitunza, ili kila shule watakayopangiwa ipate fundi wake. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zianze na kompyuta chache, kwa kuwa Linux hujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka watu na juhudi zao mbele ya fedha. Basi kabla kompyuta yoyote haijaandikwa chakavu na kutupwa stoo, ijaribiwe kwanza.