Likizo ya Mafia Yahitaji Mpango

Desemba inapofika, shule zikafungwa na ofisi zikapungukiwa kazi, mtumishi wa Tanzania huwa na likizo ya aina moja tu aliyoizoea: kupanda basi kwenda kijijini kwao. Hakuna ubaya katika hilo. Wazazi ni lazima waonwe, na shamba la nyumbani halijilimi lenyewe. Lakini inashangaza kwamba mwalimu anaweza kufundisha habari za matumbawe kwa miaka 20, akiyachora kwa chaki ubaoni, kisha akastaafu bila kuyaona hata siku moja, ilhali mgeni kutoka Italia huvuka bahari kuja kuyatazama.

Kinachomzuia si nauli peke yake. Ipo kasumba kwamba bahari ya kuogelea ni ya wageni, na mwenyeji wa bara akionekana ufukweni basi amekuja kwenye semina, kwa fedha za umma. Mwaka 1970 palizuka mjadala mkali magazetini juu ya utalii na ujamaa, na mwaka 1973 Issa Shivji akazikusanya hoja zake katika kitabu. Miongoni mwa hofu zilizotolewa ni ile ya mwananchi kugeuzwa mhudumu wa starehe za wengine katika nchi yake mwenyewe. Hofu hiyo haiondoki kwa kuwafukuza wageni. Itapungua siku mwalimu wa Singida atakapoketi katika mashua ile ile, akiwa abiria aliyelipa nauli yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Wiki moja ya siku hizo yatosha kwa Mafia, mradi ipangwe mapema, kwa maana bahari haisubiri barua ya mkuu wa idara. Kati ya Machi na Mei ni masika. Juni, ambapo shule hufungwa, kusi huvuma kwa nguvu. Nje ya ghuba ya Chole maji huchafuka, na mgeni hulazimika kubaki ndani ya ghuba. Desemba ni kaskazi, bahari ni tulivu zaidi, na karibu na Kilindoni huonekana papa potwe, samaki awezaye kuzidi mita 10 lakini chakula chake ni vidudu vidogo vya majini. Hamdhuru mtu, watu ndio humdhuru kwa kumzingira na mashua.

Mwenye fedha hupanda ndege Dar es Salaam, akafika kwa takriban nusu saa. Wengi watapitia Nyamisati na kuvuka kwa chombo hadi Kilindoni, na hapo ni lazima kuulizia siku na saa za safari kabla ya kuondoka nyumbani. Utende, ilipo ofisi ya hifadhi, ni kama kilomita 15 kutoka Kilindoni. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa siku. Ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike, na stakabadhi idaiwe. Walimu watano au sita wakichanga tangu Januari katika chama chao cha akiba na mikopo, gharama ya mashua inagawanyika na kuwa ya kawaida.

Kalenda ya mwezi nayo itazamwe. Wakati wa bamvua maji hukauka sana kwenye saa nne asubuhi, na ndipo wageni wengi, wa ndani na wa nje, hushawishika kutembea juu ya mwamba. Matumbawe ni wanyama walio hai, na mengi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Kisigino kimoja huvunja kazi ya miaka. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, ya Mafia yakiwamo. Kabla na baada ya hapo yalivunjwa kwa baruti za wavuvi haramu na kuchomwa kuwa chokaa. Yaliyosalia hayahitaji ndara za mtumishi aliye likizoni, wala yeye hana haja ya kununua kombe za kupamba sebule. Kila kombe inayong'aa mezani ilikuwa na mwenyewe ndani.

Jambo moja zaidi huwa halisemwi kwenye vipeperushi vya hoteli. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 katika eneo la kilomita za mraba 822, na watu walikuwa wakiishi humo tayari. Wavuvi wa Chole, Juani na Jibondo ndio walioambiwa waache kokoro na wasivue katika baadhi ya sehemu za baba zao. Uzuri anaoutazama mgeni umelipiwa nao kwanza. Mtumishi anayepanga safari akate shauri mapema fedha yake itaishia mfukoni mwa nani: aulizie nyumba ya wageni ya mwenyeji, ale samaki na wali kwa mama lishe wa Kilindoni, na siku ya kwenda kuona magofu ya Kua akodi mashua ya mtu wa Juani.